Vichupa vya Tauni na Hati za Kuvisafirisha

Tangu zamani mfanyabiashara afikaye forodhani na mzigo wake huulizwa maswali matatu: mzigo huu ni wa nini, wakwenda wapi, na ni nani atakayeupokea. Mwenye kupeleka karafuu au ngozi hastaajabu kuulizwa hayo. Walakini mtaalamu wa chuo kikuu, anapomfungia mwenziwe wa nchi nyingine kichupa kidogo cha vijidudu, aghalabu hudhani kwamba maswali hayo hayamhusu. Yeye hauzi wala hanunui, na amezoea kusikia kwamba elimu haina mipaka. Kwa habari ya elimu neno hilo lina kweli nyingi. Kwa habari ya vichupa sivyo, na yafaa sababu zake zielezwe.

Asili ya sheria hizi ni hofu ya silaha za maradhi. Mwaka 1972 mataifa yalifanya mkataba wa kukataza kutengeneza silaha hizo na kuziweka akiba, nao ulianza kutumika mwaka 1975. Kisha mwaka 1985, silaha za kemikali zilipokuwa zimetumiwa katika vita vya Iraki na Irani, baadhi ya nchi ziliunda umoja uitwao Kundi la Australia, ili zipatane juu ya vitu visivyofaa kutoka nje bila ya kuchunguzwa. Orodha yao ilianza na kemikali. Baadaye vilitiwa vijidudu vya maradhi kama tauni, kimeta na Ebola, na sumu kama ile ipatikanayo katika mbegu za mbarika, hata na baadhi ya jeni za vijidudu hivyo. Kila nchi mwanachama huyatekeleza mapatano hayo kwa sheria zake. Huko Marekani ni Wizara ya Biashara itoayo leseni. Apelekaye vijidudu vya tauni katika nchi isiyokuwamo katika Kundi hilo hana budi kupata leseni kwanza. Na hakuna nchi hata moja ya Afrika Mashariki iliyomo.

Mfano ulio wazi wa jambo hili waihusu Tanzania yenyewe. Katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikawa hurudi mara kwa mara katika miaka iliyofuata. Mwaka 2002 watafiti wa Tanzania, wakishirikiana na Profesa Thomas Butler wa Chuo Kikuu cha Texas Tech, walijaribu dawa mbili, jentamaisini na doksisaiklini, kwa wagonjwa 65 wa Tanzania. Wagonjwa karibu wote walipona, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Ilikuwa kazi yenye manufaa, na hakuna aliyeithibitisha nia yoyote ya vita ndani yake.

Lakini vijidudu vilivyopatikana kwa wagonjwa vilichukuliwa mpaka mji wa Lubbock, Texas. Na mwezi wa Septemba 2002 profesa alipeleka vichupa vya tauni kwa wenzake wa Tanzania kwa mkono wa kampuni ya vifurushi. Kifurushi kiliandikwa kuwa ni vifaa vya maabara, wala leseni haikuombwa. Mambo hayo yalifichuka kwa njia nyingine. Januari 2003 profesa alitoa habari chuoni kwamba vichupa 30 vya tauni havionekani. Wapelelezi wa serikali waliingia, na hati za kazi yake zote zikachunguzwa. Alishtakiwa kwa makosa 69. Desemba 2003 wazee wa baraza walimwona hana hatia katika shtaka la kuwadanganya wapelelezi juu ya vichupa vilivyopotea. Bali walimtia hatiani kwa makosa 47. Mengi katika hayo yalihusu fedha za mikataba ya utafiti, na matatu yalihusu kile kifurushi cha Tanzania. Machi 2004 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili, na rufani yake ikakataliwa mwaka 2005.

Msomaji aweza kuuliza: yawezekanaje kosa kuwa katika kupeleka tauni mahali ambapo tauni ipo tayari, kwa watu walioshiriki kazi ile ile? Jibu ni kwamba sheria ya namna hii haianzi kwa kuipima nia ya mtu. Huanza kwa kukitazama kitu chenyewe, mahali kiendako, na mikono itakayokipokea. Nia njema huelezwa katika maombi ya leseni, kabla ya safari. Ikielezwa mahakamani, imechelewa. Ni kweli kwamba sheria ya Marekani huwapa vyuo vikuu nafasi pana: matokeo ya utafiti yanayokusudiwa kuchapishwa kwa watu wote hayahitaji leseni. Lakini msamaha huo ni wa maarifa. Makala juu ya kijidudu yaweza kupita. Kijidudu chenyewe, kikiwa hai katika kichupa, hakifunikwi na msamaha wa makala. Hapa ndipo wataalamu wengi hukosea.

Yafaa pia kuyatenga maneno ambayo katika mazungumzo huchanganywa. Leseni ya kupeleka nje hutolewa na serikali ya nchi ambamo mzigo hutoka. Kibali cha kuingiza hutolewa na serikali ya nchi upokewamo. Mkataba wa kukabidhiana sampuli hufanywa baina ya chuo na chuo, nao hutaja matumizi yaliyokubaliwa na haki za kila upande. Zaidi ya hayo kuna kanuni za uchukuzi wa ndege: vijidudu vya tauni vilivyooteshwa maabara huwekwa katika chombo kisichovuja, nacho hutiwa ndani ya chombo cha pili, kisha vyote katika sanduku gumu lenye namba 2814 ya Umoja wa Mataifa. Hati moja haichukui nafasi ya nyingine. Mwenye leseni aliyeandika uongo juu ya sanduku amekosa, na aliyeandika kweli bila ya leseni amekosa vile vile.

Wala isidhaniwe kwamba hizi ni sheria za wakubwa peke yao. Mkataba wa mwaka 1992 juu ya viumbe anuwai ulizitambua nchi kuwa na mamlaka juu ya mali zao za urithi wa viumbe, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ilieleza namna ya kuomba idhini na kugawana faida. Kwa sampuli za wagonjwa, Tanzania hutaka utafiti uidhinishwe na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na mkataba wa kukabidhiana kabla ya sampuli kuvuka mpaka. Basi mlango una walinzi pande zote mbili: huku huulizwa kama mwenye mali ameridhia, na kule kama kitu chaweza kudhuru.

Kwa chuo kikuu, utii wa sheria hizi waanza kwa daftari: kila kichupa na namba yake, kilipotoka, kilipowekwa, na siku kilipotumiwa au kuharibiwa. Pili, asiwepo mtafiti afungaye kifurushi kabla ya kumwuliza ofisa wa chuo anayeijua orodha. Tatu, hati zitunzwe. Sheria ya Marekani hudai miaka mitano. Kazi hii yachosha, na majibu huchelewa hali ugonjwa haungoji. Lakini mgonjwa wa Lushoto aliyekubali kutolewa sampuli alimwamini mganga kwamba kitu kilichotoka mwilini mwake kitajulikana kilipo. Asiyeweza kuonyesha kichupa kilikokwenda hana jibu la kumpa mgonjwa huyo, wala la kumpa hakimu.