Kabla picha haijafika Mutaho: Jinsi programu zinavyopima ubora wa televisheni

Taarifa ya habari inayotayarishwa studio Bujumbura hupita mikono na mitambo mingi kabla ya kuonekana katika nyumba iliyo kilimani Mutaho, mkoani Gitega. Picha hurekodiwa, huhaririwa, hubanwa ili ipungue uzito, husafirishwa hadi kwenye mnara, kisha hurushwa hewani na kufunguliwa tena na king'amuzi cha mtazamaji. Katika kila hatua kuna kitu kinachoweza kupotea: ukali wa picha, sekunde chache za sauti, hata lugha yenyewe ya matangazo.

Ndiyo sababu vituo vya televisheni hutumia programu za kompyuta zinazokagua picha na sauti kabla ya kurushwa na wakati zinaporushwa. Programu hizo zina faida kubwa, lakini hupima tu kile ambacho mwanadamu amezielekeza kupima.

Kwa nini picha hubanwa

Picha ya televisheni yenye ubora wa juu ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani zaidi ya pikseli milioni mbili. Kila sekunde hupita fremu 25. Ikiwa kila pikseli itachukua biti 16, jumla yake ni takribani megabiti 829 kwa sekunde moja. Hakuna mnara wa kawaida wa televisheni unaoweza kubeba mzigo huo, kwa kuwa masafa mamoja ya dijitali hubeba makumi machache tu ya megabiti, na hugawanywa kati ya vituo kadhaa.

Kwa hiyo picha hubanwa hadi kufikia megabiti chache. Mtambo hutupa yale ambayo jicho haliyaoni kwa urahisi na hauyarudii yale yasiyobadilika baina ya fremu moja na nyingine. Msomaji wa habari aliyeketi mbele ya ukuta ni kazi nyepesi. Wapiga ngoma wa Gishora, karibu na mji wa Gitega, ni mtihani mgumu, maana miili, fimbo na mavazi yao husogea kwa pamoja na kila fremu huwa mpya. Mtambo ukipewa megabiti kidogo mno, picha huvunjika vipande vya mraba. Sanaa hiyo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, huweza kumfikia mtazamaji ikiwa ukungu wa rangi tu.

Enzi ya analojia ilikuwa na tabia nyingine. Mawimbi yalipodhoofika, chenga ziliongezeka polepole na mtu aliendelea kutazama kwa shida. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo mengi ya analojia ya televisheni katika Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. Tanzania ilikuwa imeanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Katika dijitali picha hubaki safi hadi ukingoni, kisha huganda na kutoweka ghafla. Mtazamaji hapati onyo, hivyo kituo kinalazimika kuliona tatizo mapema.

Macho na hesabu

Njia ya kwanza ya kupima ubora ni kuwauliza watu. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, lina mwongozo uitwao BT.500 unaoeleza namna ya kuwaketisha watazamaji, kuwaonyesha picha na kukusanya alama zao, na hutaka wawe angalau 15. Njia hii ni ya kuaminika, ila haiwezekani kuwaita watu 15 kwa kila kipindi.

Kwa hiyo wataalamu walitafuta hesabu zinazokisia maoni ya watu. Kipimo cha zamani, PSNR, hulinganisha picha ya asili na iliyobanwa pikseli kwa pikseli. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa kipimo cha SSIM, kinachotazama umbo na mpangilio wa vitu ndani ya picha. Wabunifu wake walitunukiwa tuzo ya Emmy ya uhandisi mwaka 2015. Mwaka 2016 kampuni ya Netflix ilitoa hadharani kipimo cha VMAF, kinachounganisha hesabu kadhaa na kutoa alama kati ya 0 na 100. Programu yake ni huru, haina malipo, na huendeshwa pia kupitia FFmpeg, programu nyingine ya bure. Kituo kidogo chenye kompyuta ya kawaida kinaweza kuanza nayo.

Namna ya kuiandaa na kuitumia

Jambo la kwanza ni kuwa na faili mbili: ya asili, kama ilivyotoka kwa mhariri, na iliyobanwa. Bila ya asili, vipimo hivi havina cha kulinganisha.

La pili ni kuzioanisha. Lazima ziwe na ukubwa mmoja wa picha, idadi moja ya fremu kwa sekunde, na zianzie fremu ileile. Faili moja ikitangulia hata kwa fremu moja, alama huporomoka ingawa picha haina kasoro. Anayeona alama mbaya kuliko alivyotarajia aanze kukagua hapo kabla ya kuulaumu mtambo.

La tatu ni kuchagua kielelezo kinachofaa. Kielelezo cha kawaida cha VMAF humchukulia mtazamaji kuwa ameketi mbele ya televisheni ya 1080, umbali wa mara tatu ya kimo cha kioo. Kuna kielelezo kingine kwa ajili ya simu, ambacho huwa na huruma zaidi, kwa sababu kwenye kioo kidogo dosari nyingi hazionekani. Kutumia alama za simu kuamulia matangazo ya televisheni ni kujidanganya.

La nne ni kutotegemea wastani peke yake. Tuseme taarifa ya habari ina dakika 30, na sekunde 1780 kati ya hizo zina alama 95, ilhali sekunde 20 za ngoma zina alama 40. Wastani utakuwa zaidi kidogo ya 94, na ripoti itapendeza. Hata hivyo mtazamaji atakumbuka zile sekunde 20. Mkaguzi hana budi kutazama alama za chini kabisa na kuziangalia sehemu hizo kwa macho yake.

La tano ni kuchagua picha za majaribio zinazofanana na maisha ya watazamaji: ngoma, mpira, majani yanayotikiswa na upepo, na maandishi yanayopita chini ya kioo. Picha tulivu huupa mtambo ushindi wa bure.

Sauti na lugha

Programu za ukaguzi hutazama pia sauti. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulipendekeza mwaka 2010 kwamba ukubwa wa sauti wa kipindi uwe hasi 23 kwa kipimo cha LUFS, kinachofuata jinsi sikio linavyosikia, ili tangazo la biashara lisimshtue mtu baada ya habari. Umoja huo unataka pia sauti isiitangulie picha kwa zaidi ya milisekunde 40 wala isichelewe kwa zaidi ya 60, la sivyo midomo na maneno hutengana.

Hapa ndipo penye jambo linalowagusa zaidi wasemaji wa Kiswahili nchini Burundi. RTNB, shirika la utangazaji la taifa, hutangaza kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Katika matangazo ya dijitali, mkondo wa sauti huweza kubandikwa alama ya herufi tatu inayotaja lugha: "run" kwa Kirundi, "fra" kwa Kifaransa, "swa" kwa Kiswahili. Programu ya kawaida ya ukaguzi husoma alama hiyo, hupima ukubwa wa sauti na kuhakikisha hakuna ukimya. Haisikilizi maneno. Sauti ya Kifaransa ikibandikwa alama ya Kiswahili kwa bahati mbaya, ripoti itasema kila kitu ni sawa.

Kosa la namna hiyo katika lugha ya wengi hugunduliwa mara moja, kwani simu hulia kituoni. Katika lugha ya wachache huweza kupita kipindi kizima bila kusemwa. Kwa hiyo ukaguzi wa kipindi cha Kiswahili haukamiliki hadi mtu anayekijua Kiswahili asikilize mwanzo, katikati na mwisho wake, na kusoma maandishi yaliyo kiooni.

Kipimo cha mwisho ni nyumbani

Faili inaweza kutoka kituoni ikiwa na alama 95 na bado ikafika Mutaho imevunjika, kwa sababu kilima kimesimama kati ya mnara na antena. Mtazamaji mwenyewe anaweza kusaidia kulijua chanzo. Menyu ya vingamuzi vingi huonyesha mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Nguvu ikiwa kubwa na ubora ukiwa mdogo, huenda mawimbi yanagonga kilima au jengo na kurudi yakiwa yamechanganyika, au yanaingiliwa na mengine. Yote mawili yakiwa chini, antena ielekezwe upya au iinuliwe, na waya ukaguliwe.

Vituo vyote vya masafa yaleyale vikiganda pamoja katika nyumba moja tu, tatizo liko kwenye mapokezi ya nyumba hiyo. Kituo kimoja kikiganda katika nyumba nyingi kwa wakati mmoja, tatizo liko kwa mrushaji. Anayepiga simu kutoa taarifa akitaja saa, jina la kituo, mahali alipo na kilichoonekana au kusikika, anampa fundi njia ya kuitafuta dakika hiyohiyo katika kumbukumbu za mitambo. Na ikiwa lugha iliyosikika siyo iliyotangazwa, hilo nalo litajwe, maana hakuna mashine kituoni iliyoliona.