Kabla ya kutuma ada ya shahada ya masoko

Wengi wetu tulio ughaibuni tunasomesha wadogo zetu wa Mbagala, Tandika au Tegeta jijini Dar es Salaam, na wengi wao sasa wanataka kusomea masoko. Ni vema mlipaji ada ajue kozi hii imetoka wapi na nani anaikagua.

Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilianzishwa mwaka 1965. Miaka miwili baadaye lilikuja Azimio la Arusha, na biashara kubwa ikashikwa na mashirika ya umma. Bei zilipangwa na serikali, bidhaa zikagawiwa kupitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Wakati huo mnunuzi ndiye aliyehangaika kumtafuta muuzaji. Mambo yaligeuka kuanzia 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, kisha 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kampuni za bia, simu na benki zilipoanza kugombea wateja, zikahitaji maofisa masoko.

Leo shahada hii ina njia mbili. Vyuo vikuu, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. CBE, na Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) yenye kampasi Kurasini, wilayani Temeke, ziko chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na shahada yao ni ngazi ya 8 ya tuzo za taifa za ufundi (NTA). Zote ni shahada halali. Mwongozo wa udahili wa TCU huorodhesha kozi za njia zote mbili na sifa za kujiunga. Kwa wa kidato cha sita, kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4. Ikiwa kozi haimo humo, usitume hata senti.

Wanaotaka kuendelea na uzamili Marekani huambiwa kuwa shahada ya miaka 3 ni fupi. Hesabu ni hii: shule ya msingi 7, sekondari 4, kidato cha tano na sita 2, chuo 3, jumla miaka 16, sawa na 12 ya shule na 4 ya chuo kule. Kwa hiyo vyeti vya kidato cha nne na cha sita vitunzwe na viambatishwe kwenye maombi.

Ithibati ya TCU au NACTVET inathibitisha uhalali wa cheti. Ubora wa mafundisho lazima tuuchunguze wenyewe. Mwombe mdogo wako orodha ya masomo: je, kuna takwimu, utafiti wa masoko na biashara ya mtandaoni? Mafunzo kwa vitendo anakwenda kuyafanyia wapi, na mhadhiri humfuata huko? Je, amewahi kutumwa soko la Tandale kufuatilia mahindi yanavyotoka Kibaigwa, yanapitia mikono mingapi na nani hupanga bei? Zungumza pia na wahitimu wa miaka miwili mitatu iliyopita, uwaulize wanafanya kazi gani.

Kati ya chuo chenye jina kubwa kinachomfungia mwanafunzi darasani na kile kinachompeleka Tandale na daftari, vyote vikiwa na ithibati, mimi ningelipia cha pili.