Spiriti ya kusafishia: rahisi yaweza kuwa ghali

Wenye viwanda vidogo vya maziwa, juisi na aiskrimu wanashauriwa kutotazama bei ya lita peke yake wanaponunua spiriti ya kusafishia mitambo. Thamani ya spiriti ni nguvu yake, na iliyopungua nguvu yaweza kumtia mnunuzi hasara mara mbili.

Hesabu ni nyepesi. Lita 100 za spiriti ya asilimia 96 zikiongezwa maji hadi kufikia lita 137 hivi, hutoa asilimia 70, kiwango kinachotumika sana kuulia vijidudu. Maji hayo yanahitajika, kwani alkoholi tupu huua vijidudu kwa udhaifu zaidi. Lakini muuzaji akiyafikisha lita 240, mnunuzi anapata asilimia 40, nguvu isiyotegemewa. Sehemu kubwa ya pipa alilolipia ni maji.

Hasara ya pili imo ndani ya mitambo. Bakteria wanaong'ang'ania chuma au plastiki hujijengea utando wa ute unaowakinga. Mwaka 2002 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walionyesha kuwa alkoholi za dawa za ngozi, zikizimuliwa sana, huwafanya bakteria wa Staphylococcus epidermidis wajenge utando zaidi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha tabia hiyo hiyo kwa Staphylococcus aureus, ambao sumu yao katika chakula haiondoki kwa kuchemsha.

Hali hiyo yaweza kutokea pale spiriti inapochanganyika na maji yaliyobaki kwenye viungo vya mabomba na kona za matangi. Utando ukishaota, kila maziwa yanayopita huweza kuambukizwa, na mzigo mzima kumwagwa.

Aidha, hata spiriti yenye nguvu kamili si sabuni. Hugandisha protini, hivyo mabaki ya maziwa hushikamana na chombo na kuwafunika bakteria.

Utaratibu unaofaa ni kusugua kwa sabuni na brashi, kusuuza, kuacha chombo kichuruzike na kukauka, ndipo ipakwe spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe, mbali na moto.

Sokoni, mnunuzi adai asilimia iandikwe kwenye pipa na kwenye risiti, kisha agawanye bei ya lita kwa asilimia hiyo kabla ya kulinganisha wauzaji. Asiyetaka kuandika asilimia, bei yake haina cha kulinganishwa nacho.