Mwizi Aliyevaa Tai

Ng'ombe akiibiwa usiku hapa Mkula, yowe hupigwa, na wanaume hushika fimbo wakafuata nyayo mpaka kunakucha. Lakini akija bwana mwenye tai na maneno ya adabu, akaondoka na kitu cha babu yako, nani atapiga yowe?

Wezi wa namna hiyo wapo. Tarehe 8 Juni 2005, katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mtumishi mmoja aliona wembe sakafuni. Aliyekuwa akisoma humo ni bwana Forbes Smiley, mfanyabiashara wa ramani za kale, mtu wa kuheshimiwa. Kumbe alikuwa akiiba ramani na kuzificha katika koti lake! Mwishoni alikiri kuiba ramani 97, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Utasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani." Ngoja kwanza.

Huko pwani ya Kenya, Wagiriama huwakumbuka wazee wao wakubwa kwa kigango. Usidhani nasema kigango cha parokia, mahali tunaposali Jumapili. Kigango chao ni ubao mrefu wa mti mgumu, uliochongwa kichwa na kutiwa nakshi, unaosimamishwa kwa heshima ya marehemu. Ukishasimamishwa hauuzwi wala hauhamishwi ovyo. Huachwa pale pale mpaka uchakae wenyewe.

Mzee Kalume Mwakiru alikuwa amewasimamishia ndugu zake wawili vigango. Mwaka 1985 bibi Monica Udvardy, mtaalamu wa mila za watu, alimpiga picha mbele yavyo. Aliporudi kumpa picha hiyo, alimkuta mzee ana huzuni: vigango vyote viwili vimeibiwa. Mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta.

Miaka ikapita. Mwaka 1999, mkutanoni Marekani, mtaalamu mwenzake Linda Giles alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho huko Illinois. Udvardy akashtuka, maana kimoja alikijua! Cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Mzee Kalume alikuwa amekwisha fariki, lakini mwaka 2007 vigango vyake vilirudi kwa watu wake. Na mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha vigango 30.

Vilifikaje huko? Mara nyingi mkono wa kwanza ni wa kijana wa pale pale, mwenye shida ya fedha. Hung'oa usiku, akauza kwa bei ndogo kwa mwenye duka la watalii. Mwenye duka humwuzia mfanyabiashara, naye humwuzia tajiri. Tajiri huwapa makumbusho kama zawadi, na kila mmoja husema, "Mimi nilinunua kwa haki." Faida ni yao, na aibu hubaki kijijini.

Tazama sasa, ni kitu gani kilichomshinda mwizi? Ni picha moja tu. Bila picha ile, nani angaliamini neno la mzee wa kijijini mbele ya wakubwa wa makumbusho?

Basi nasi Wasukuma tujifunze. Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alianzisha makumbusho ili ngoma na vitu vya watemi visipotee. Lakini vitu vingi vimo nyumbani mwetu: kiti cha babu, ngoma ya ukoo, barua za zamani. Vipigeni picha. Andikeni katika daftari ni cha nani, kilitoka wapi, kina alama gani. Waelezeni watoto maana yake, kwa sababu mtoto asiyejua thamani ya kitu atakiuza kwa bei ya soda.

Na akija mgeni mwenye tai, mkaribishe, mpe maji ya kunywa. Lakini kabla hujampa cha babu, ita ukoo kwanza.