Kuku na Sungura Chini ya Bati Moja (Sehemu ya 2): Mchoro Uanze na Mkojo

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini mfugaji mwenye kiwanja kidogo huvutiwa na ufugaji huu wa pamoja: bati ni moja, mhudumu ni mmoja, na bustani inapata mbolea za aina mbili. Leo tunaingia kwenye ujenzi wenyewe. Fundi akiitwa kujenga banda la namna hii, kwa kawaida huuliza kuku watakuwa wangapi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini litanguliwe na lingine: mkojo wa sungura utaelekea wapi?

Mkojo huo una urea. Ukidondoka kwenye maranda au pumba, bakteria huigeuza urea kuwa amonia, ile hewa kali inayochoma macho ukifungua banda asubuhi. Amonia ni nyepesi kuliko hewa ya kawaida, hivyo hupanda. Kuku aliye chini huathirika macho na njia ya hewa, na sungura aliye juu naye huivuta kutwa nzima. Pua yake ikishadhoofika, bakteria aitwaye Pasteurella multocida hupata mwanya. Mfugaji ataona mafua yasiyokwisha na manyoya ya miguu ya mbele yaliyogandamana, kwa kuwa mnyama hujifuta kamasi kwa miguu hiyo. Bakteria wa spishi hiyohiyo ndiye anayeleta kipindupindu cha kuku. Matandazo yaliyolowa pia huwapa vimelea vya kuhara damu unyevu wanaouhitaji ili wakomae.

Hapo ndipo mchoro unaopendwa sana unapotakiwa kupimwa. Nazungumzia ule wa sungura juu, kuku chini. Nchini Marekani, familia ya Salatin yenye shamba la Polyface, jimboni Virginia, imeufanya ujulikane: vizimba vya sungura vimewekwa juu, na chini yake kuku wanachakura matandazo mazito yanayopokea mavi na mkojo. Kisayansi hakuna muujiza hapo. Mabaki ya mbao yana kaboni nyingi inayosaidia kuifunga naitrojeni, na kuku wakichakura huingiza hewa. Lakini matandazo yanapaswa kuwa mengi na kuongezwa kila yanapoanza kulowa. Kwa anayenunua maranda kwa kiroba, sakafu itageuka tope kabla hajapata fedha ya kiroba kingine. Mchoro wa kinyume, kuku juu na sungura chini, usifikiriwe kabisa, maana kinyesi kitaishia kwenye majani anayokula sungura.

Kwa wafugaji wengi wa pwani yetu, ninapendekeza wanyama wakae ubavu kwa ubavu. Ubavu mrefu wa banda uelekee kaskazini na kusini, ili jua lisiingie moja kwa moja asubuhi na jioni. Kisha gawa banda katikati: sungura wakae mwisho wa mashariki, kuku mwisho wa magharibi. Sababu ni mbili. Kwanza, jua kali la alasiri hupiga upande wa magharibi, na sungura hana uwezo wa kutoa jasho la kumpoza. Hutegemea sana masikio yake makubwa kutoa joto. Joto likizidi nyuzi 30 za Selsiasi anataabika, na dume anaweza kushindwa kutungisha mimba kwa wiki kadhaa. Pili, kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki. Katika misimu yote miwili, upepo utamfikia sungura ukiwa safi, kisha uondoe vumbi na harufu ya kuku kuelekea magharibi.

Tuchukue mfano wa kuku wa kienyeji 20, sungura majike wawili na dume mmoja. Banda la mita 6 kwa 3 linatosha. Chumba cha kuku cha mita 3 kwa 3 kina nafasi hata ya vifaranga. Weka fito mbili za kulalia, kila moja mita 2, ili kila kuku apate sentimita 20, na viota vinne vya kutagia. Upande wa sungura, panga vizimba vitatu ukutani kaskazini na vitatu kusini, kila kimoja sentimita 90 kwa 60 na kimo cha 45. Vitatu ni vya wazazi, vitatu ni vya watoto walioachishwa kunyonya. Katikati itabaki njia ya mita 1.8.

Sakafu ya kizimba iwe mita moja kutoka ardhini, ya wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi. Wavu mwembamba wa kuku haufai, kwani hukata nyayo na mbwa huurarua. Weka na kipande cha ubao cha kupumzikia. Chini ya vizimba tandaza plastiki nene yenye mteremko hadi kwenye bomba lililopasuliwa, linalopeleka mkojo kwenye dumu lililo nje. Bati halidumu hapo, maana mkojo hulitia kutu haraka.

Ukuta wa kati uwe mzima kuanzia sakafuni hadi kwenye bati, na kila chumba kiwe na mlango wake. Wengi hudhani ukuta huo ni wa kuzuia kuhara damu kusivuke. La hasha: vimelea vya Eimeria vya kuku havimwambukizi sungura, wala vya sungura havimwambukizi kuku. Hatari kubwa zaidi imo kwenye chakula. Baadhi ya vyakula vya kuku vya dukani huwekwa dawa za kuzuia kuhara damu, kama salinomisini na narasini, ambazo ni sumu kwa sungura. Tena, kuku akiingia kwenye kiota cha sungura huweza kuwadonoa watoto waliozaliwa bila manyoya, na jike aliyeshtushwa na purukushani huweza kuwakanyaga wanawe. Mhudumu naye aanze kazi kwa sungura, amalizie kwa kuku, asipeleke vumbi na kinyesi upande wa pili.

Kuta za nje ziwe fupi, kisha wavu hadi juu, na paa litokeze vya kutosha kuzuia mvua ya upepo. Kwa bati, weka dari ya mianzi au makuti. Nguchiro na kanu hupenya tundu dogo, basi kagua kila kona. Dhidi ya siafu, simamisha miguu ya vizimba ndani ya makopo yenye oili chafu. Kwa walio kwenye baridi ya Lushoto au Njombe, ongezeni mapazia ya viroba upande wa upepo, yashushwe usiku na kupandishwa asubuhi.

Wiki ijayo tutaeleza matumizi ya mkojo uliokusanywa kwenye dumu, na namna ya kuozesha mavi ya kuku yasiunguze mboga.