Gugumaji, fukusi na misimu ya mafuriko na ukame

Gugumaji ni mmea unaoelea, wenye asili ya bonde la Amazon huko Amerika ya Kusini. Kwenye maji ya vuguvugu yenye rutuba, huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Adui wake mkuu katika Afrika Mashariki ni fukusi wa aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, ambao asili yao pia ni Amerika ya Kusini. Mafuriko na ukame huwapiga wote wawili, mmea na mdudu, ila mmea ndio unaopona haraka.

Fukusi mzima ana urefu wa milimita 5 hivi. Usiku hukwangua ngozi ya jani na kuacha makovu madogo ya kahawia. Jike hutaga mayai ndani ya kikonyo cha jani. Mabuu hutoboa njia hadi kwenye kitovu cha mmea, kisha hujifunga katika vifukofuko vilivyoshikamana na mizizi iliyo majini. Kutoka yai hadi fukusi mzima hupita miezi miwili hadi minne. Maji na vimelea huingia kupitia vidonda hivyo, na mmea huoza na kuzama.

Mafuriko huulisha mmea. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ukafurika wilayani Rubavu. Mvua za namna hiyo huosha udongo wa juu kwenye miteremko inayolimwa, kama ile ya Busasamana, chini ya milima ya Virunga. Sebeya humwaga maji yake Ziwa Kivu. Ng'ambo ya mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na ya Nile, Mukungwa na Nyabarongo hupeleka matope kama hayo Akagera, na Akagera huyafikisha Ziwa Viktoria, yakiwa na naitrojeni na fosforasi. Mto uliojaa pia hung'oa matandazo ya gugumaji na kuyachukua pamoja na fukusi waliomo. Miche inayoota nyuma yao hukua bila adui.

Ukame nao hufanya kazi kwa njia nyingine. Maji yakirudi nyuma, mimea hukwama kwenye matope na mingi hukauka. Fukusi hukosa chakula, na mizizi iliyotoka majini haiwafai tena mabuu. Lakini mbegu zilizozama matopeni huweza kuishi zaidi ya miaka 15. Mvua ikirudi huota upya, ilhali fukusi wanahitaji vizazi kadhaa ili wawe wengi tena.

Ziwa Viktoria limeyaona hayo. Uganda ilianza kuachilia fukusi mwaka 1995, na Kenya ikafuata mwaka 1997. Kufikia 1998 gugumaji lilikuwa limefunika maelfu ya hekta katika Ghuba ya Winam, kisha likapungua ghafla. Baadhi ya watafiti waliwapa fukusi sifa hiyo. Wengine walitaja mawingu na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Maelezo hayo mawili hayapingani kabisa, kwani mmea uliotobolewa huvunjwa na mawimbi kwa urahisi zaidi. Baada ya ukame uliolishusha ziwa, mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilifuatiwa na gugumaji kurudi kwa wingi mwaka 2007.

Kwa hiyo kuachilia fukusi mara moja hakutoshi. Wanapaswa kufugwa kwenye mabwawa madogo na kurudishwa mitoni kila baada ya mafuriko au ukame, hasa nyanda za juu ambako baridi huwachelewesha kuzaliana. Matuta na majani ya kuzuia mmomonyoko milimani ni sehemu ya kazi hiyohiyo, kwa sababu kila udongo unaobaki shambani ni chakula ambacho gugumaji halitakipata.