Mtoto Aliyezidiwa: Tiba Iendelee Hadi Wapi?



Ndugu msomaji, leo safu hii inagusa jambo zito, ambalo familia nyingi hukutana nalo bila kujiandaa. Mtoto anaumwa sana. Amelazwa wiki ya tatu au ya nne, fedha zimekwisha na ndugu wamekaa kikao uani. Baba mkubwa anasema mtoto arudishwe nyumbani, kwani ajali haina kinga na kila nafsi itaonja mauti. Bibi anasema kiwanja kiuzwe, mtoto apelekwe Dar es Salaam, kwa sababu kukata tamaa ni dhambi. Wote wawili wanataja dini, na mama wa mtoto amekaa pembeni, hakuna anayemuuliza.

Nani kati yao yuko sahihi? Jibu ni kwamba inategemea ugonjwa wenyewe. Kuna wakati kumrudisha mtoto nyumbani ni kumdhulumu, na kuna wakati kumzungusha hospitali kwa hospitali ndiko kumdhulumu. Ila kuna haki moja ya mtoto ambayo haiondoki katika hali zote mbili: kupunguziwa maumivu, kulishwa kadiri awezavyo, kuwekwa safi na kutoachwa peke yake.

KWANZA: JUA UGONJWA KABLA YA KUTOA HUKUMU

Katika kazi ya utabibu tunaona watoto wengi wanaoletwa wakiwa na sura ya mauti, kumbe maradhi yao yanatibika. Nimonia kali na malaria kali ni mifano ya kila siku. Mtoto anahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi. Tabibu anataka kumwekea oksijeni, mzazi anakataa kwa kuwa amesikia mtaani kwamba "ukiona mtu kawekewa gesi ujue basi."

Ndugu msomaji, dhana hiyo inaua. Oksijeni huwekwa kwa mgonjwa aliyezidiwa, hivyo baadhi yao hufariki wakiwa nayo, lakini kinachowaua ni maradhi. Mtoto mwenye nimonia akipewa oksijeni na dawa mapema anaweza kurudi nyumbani akicheza. Kuikataa oksijeni hapo ni kumnyima mtoto pumzi.

Saratani nazo si hukumu moja. Ile ya Burkitt, ambayo huvimbisha taya au tumbo la mtoto kwa kasi, huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Saratani ya jicho huanza kwa mng'aro mweupe kwenye mboni; ukiuona, usingoje jicho litoke nje. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina huduma maalumu ya saratani za watoto, inayosaidiwa na taasisi ya Tumaini la Maisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Kuchelewa kufika, kutotambuliwa ugonjwa na kukatisha matibabu ni miongoni mwa sababu kubwa za pengo hilo.

Vivyo hivyo siko seli. Zamani familia ikisikia jina hilo ilianza matanga moyoni. Leo kuna dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu, na hapa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye siko seli mwaka 2023.

Kwa hiyo anayesema "ni kudra" kabla ya kumuuliza daktari amelitumia neno kubwa mahali pasipo pake. Umar bin Khattab (R.A.) alipozuia msafara usiingie Sham yenye tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah. Alijibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah na kwenda kwenye kadari ya Allah. Tiba nayo ni kadari.

PILI: DINI INASEMAJE KUHUSU KUTIBU?

Mwezi Mei 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu (Majmaa al-Fiqh al-Islami) lilikaa Jeddah na kutoa uamuzi kuhusu matibabu. Wanachuoni hao walieleza kuwa hukumu ya kutibu hubadilika kwa kufuata hali. Huwa wajibu pale ambapo kuacha tiba kutamwangamiza mtu, au kumharibia kiungo, au kueneza maradhi kwa wengine. Huwa sunna pale ambapo kuiacha kutaudhoofisha mwili bila kufikia hapo. Huwa mubaha katika hali nyingine, na huwa makuruhu pale ambapo tiba yenyewe inaogopwa kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa.

Uamuzi huo una jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto hutibiwa kwa idhini ya walii wake, lakini kukataa kwa walii hakuzingatiwi iwapo ni wazi kunamdhuru mtoto. Idhini huhamia kwa mawalii wengine, kisha kwa mwenye mamlaka. Maana yake, mtoto ni amana mikononi mwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu nayo imetaja matibabu miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto.

TATU: TIBA ISIPOLETA TENA FAIDA

Sasa tuingie upande mgumu. Tuchukulie mtoto ambaye saratani imeenea, dawa zimejaribiwa na mabingwa wamekubaliana kuwa duru nyingine itamtapisha na kumchoma vidonda vya mdomo bila kuzuia ugonjwa. Au mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia ambaye ubongo wake wote umekufa. Je, kusimamisha ni kuua?

Hapa tutofautishe mambo mawili. Kumchoma mgonjwa sindano kwa kusudi la kumuua, hata kwa huruma, ni kuua. Ni haramu, na sheria ya Tanzania hairuhusu. Lakini kuacha tiba isiyo na faida tena, ugonjwa ukaenda njia yake, ni jambo jingine. Baraza hilo hilo, katika kikao chake cha Amman cha Oktoba 1986, liliruhusu mashine kuondolewa pale mabingwa wanapothibitisha kuwa kazi zote za ubongo zimekoma bila kurejea, hata kama moyo bado unadunda kwa nguvu za mashine. Wanachuoni wa fatwa wa Saudi Arabia nao, katika fatwa ya mwaka 1409 Hijria, waliruhusu kutomrudisha kwa mashine mgonjwa asiye na matumaini, kwa sharti la uamuzi wa madaktari watatu bingwa na waaminifu.

Tazama uzito wa sharti hilo: watatu, tena mabingwa, tena waaminifu. Si kauli ya mtu mmoja aliyechoka zamu ya usiku, wala ya mjomba anayehesabu gharama.

Madaktari nao huweza kutofautiana. Mwaka 2019 jijini London, mtoto wa familia ya Kiislamu aitwaye Tafida Raqeeb, mwenye umri wa miaka 4, alipata madhara makubwa baada ya mshipa kupasuka ubongoni. Hospitali yake iliona kuendelea na mashine hakuna maslahi kwake. Wazazi walikataa, na hospitali ya watoto ya Genoa, Italia, ilikuwa tayari kumpokea. Tarehe 3 Oktoba 2019 mahakama iliruhusu asafirishwe, na Januari 2020 ikatangazwa kuwa ametoka chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuwa mzima, lakini alikuwa hai. Ubongo wa Tafida haukuwa umekufa wote. Huo ndio mpaka wa kuuliza kwa makini: mtoto huyu amekufa ubongo, au amepooza? Ulemavu si mauti, na mtoto mlemavu hana thamani pungufu mbele ya Allah (S.W.).

NNE: MAUMIVU HAYANA UDHURU

Uamuzi wa Jeddah ulisisitiza kwamba Muislamu hakati tamaa na rehema za Allah, na kwamba mgonjwa atunzwe na apunguziwe maumivu ya mwili na ya nafsi bila kujali kama anatarajiwa kupona au la. Kumbe kumpunguzia mtoto maumivu hakumaanishi kuwa tumeacha kutumaini.

Dawa kuu ya maumivu makali ni morfini ya maji, inayonywewa. Wazazi huiogopa kwa sababu mbili: eti ni dawa ya kulevya, na eti huharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo cha mtaalamu na kuongezwa taratibu, haimuui mtoto, na mtoto anayeitumia kwa maumivu ya saratani hawi teja. Huleta choo kigumu, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo pamoja nayo. Usiongeze dozi mwenyewe, na iweke mbali na watoto wengine. Jirani zetu wa Uganda walianzisha huduma hii mwaka 1993 kupitia Hospice Africa Uganda ya Dk. Anne Merriman, na mwaka 2004 wakaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kuiandika. Hapa kwetu, uliza hospitalini kuhusu huduma ya tiba shufaa.

TANO: USAFI WA MTOTO ALIYE KITANDANI NYUMBANI

Kama imeamuliwa mtoto atunzwe nyumbani, iwe Kondoa, Bahi au Chamwino, kazi haijaisha. Maji yetu ya kanda ya kati ni ya shida, lakini haya yanahitaji maji kidogo tu:

- Mgeuze kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo. Godoro liangikwe juani.
- Kinywa kisafishwe kwa kitambaa laini na maji yaliyochemshwa yakapoa. Kikombe kimoja kinatosha.
- Nepi na mashuka yenye choo yashikwe kwa glovu au mfuko wa plastiki, kisha mikono ioshwe kwa sabuni.
- Mlishe kidogo kidogo akiwa ameinuliwa. Asipotaka, usimlazimishe.
- Kama hajitambui au hawezi kumeza, usimtilie chochote mdomoni: si uji, si kombe, si zamzam. Kitaingia mapafuni. Msomee Qur'an, mshike mkono. Hiyo ni dua tosha. Asali asipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.
- Udi na ubani visifukizwe chumbani mwa mtoto anayehema kwa shida, na moto usikaribie kabisa penye oksijeni.

Kuhusu ibada, mtoto ambaye hajabaleghe haijamfaradhikia swala. Aliyebaleghe ataswali kadiri awezavyo, hata akiwa amelala, na akidhurika na maji atatayamamu. Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake (Al-Baqara, 286).

SITA: MALI NA KIKAO CHA FAMILIA

Kuuza shamba ili kufuata tiba yenye matumaini ya kweli ni jambo jema. Kuliuza ili kumlipa mtu anayeahidi kuponya kila kitu ni kuwaacha ndugu wa mtoto bila chakula, nao wana haki. Kabla ya kuuza, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa gharama. Kamati ya msikiti nayo iulizwe, kwani fakiri na maskini wametajwa mwanzo kabisa miongoni mwa wanaostahiki zaka (At-Tawba, 60).

Katika kikao, mama awepo na asikilizwe. Yeye ndiye anayekesha. Mtoto mkubwa naye aulizwe. Mtume (S.A.W.) alipojiwa na mwanamke mwenye kifafa akiomba aombewe dua, alimpa hiari ya kusubiri apate Pepo au aombewe apone. Mgonjwa mwenye akili ana sauti.

Kisha nendeni pamoja kwa daktari, ikiwezekana na sheikh mnayemwamini, mkaulize maswali haya:

1. Ugonjwa unaitwaje, na una uhakika kiasi gani?
2. Tiba hii inakusudia kuponya, kurefusha muda au kupunguza maumivu?
3. Mtoto ataumia kiasi gani kwa tiba yenyewe?
4. Tukiiacha, nini kitatokea, na mtamsaidiaje asiteseke?
5. Je, kuna bingwa mwingine wa kumwona kabla hatujaamua?

Daktari asiyependa kuulizwa, mwombeni kwa adabu mwingine. Ni haki yenu.

Mwisho, wazazi msione aibu kulia. Amesimulia Usama bin Zayd (R.A.), kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba binti wa Mtume (S.A.W.) alituma ujumbe kuwa mwanawe yu katika kukata roho. Mtume (S.A.W.) akaenda, akapewa mtoto huyo, roho ikitaabika kifuani. Macho yake yakatiririka machozi. Saad bin Ubada (R.A.) alipostaajabu, akamwambia kuwa hiyo ni rehema ambayo Allah ameiweka nyoyoni mwa waja wake. Hakuna mashine wala dawa katika kisa hicho, lakini mtoto yule hakuachwa: alishikwa.

Allah awaponye watoto wetu wagonjwa, na awape subira waliotangulizwa na watoto wao. Aamin.

Wabillahi Tawfiiq.